Mtoto Mchanga Chini ya Taa ya Bluu: Namna ya Kuyatambua na Kuyapunguza Madhara ya Tiba ya Mwanga

Swali la kwanza ninaloulizwa na mama ambaye mtoto wake amewekwa kwenye taa karibu kila mara huwa lile lile: "Sista, ile taa haitamuunguza?" La pili huja usiku, wodi ikiwa kimya na mtoto amelala uchi ndani ya bluu ile, kitambaa kimemfunga macho: je, hatapofuka? Ni maswali ya haki, na mama anastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Madhara ya tiba ya mwanga, yaani taa anayowekewa mtoto mwenye umanjano, yapo, mengi ni madogo na yanajulikana mapema, na mtu anayeweza kuyaona kwanza, saa nyingi kabla ya daktari wa raundi, ni yule aliyeketi kando ya kitanda tangu alfajiri. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na kwa ajili ya baba, bibi au shangazi anayepokezana naye zamu.

Umanjano wa watoto wachanga hauna uhusiano na homa ya manjano inayoenezwa na mbu, wala hauambukizi. Unatokana na bilirubini, rangi ya njano inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika. Mtoto huzaliwa na chembe nyingi kuliko mtu mzima, chembe hizo huishi muda mfupi zaidi, na ini lake bado halijapata nguvu ya kuisafisha rangi hiyo kwa kasi inayotakiwa. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto waliozaliwa kwa miezi kamili, na wengi zaidi miongoni mwa njiti, huonekana njano ndani ya wiki ya kwanza. Wengi wao hupona bila tiba yoyote. Wachache ambao bilirubini yao hupanda kupita kiasi wamo hatarini kwelikweli, kwa kuwa inaweza kuingia kwenye ubongo na kumwachia mtoto uziwi au mtindio wa ubongo, au kumuua. Nawaomba wazazi wasome kila dhara lililoandikwa hapa chini huku wakilikumbuka hilo, kwa sababu nimeona mtoto akitolewa kwenye taa na ndugu walioogopa kuhara kwake, akarudishwa siku mbili baadaye akiwa amekakamaa mgongo kama upinde.

Mwanga wa bluu unaotumika, wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 460 hadi 490, hupenya ngozi na kuibadilisha bilirubini umbo, nayo ikaweza kuyeyuka katika maji na kutoka kwa nyongo na mkojo bila kulisubiri ini. Hauhitaji miale ya urujuanimno, ile inayobabua ngozi juani, na taa hizi hazitegemei miale hiyo. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni kwamba taa nzima, iliyowekwa kwa umbali unaotakiwa, haimuunguzi mtoto. Kuungua kunakotokea hutokana na taa mbovu au iliyosogezwa karibu mno, hasa zile za zamani zinazotoa joto jingi.

Kabla taa haijawashwa

Uliza namba. Kipimo cha bilirubini kina maana tu kikiandikwa pamoja na umri wa mtoto kwa saa, kwa sababu kiwango kinachotisha kwa mtoto wa siku moja kinaweza kuwa cha kawaida kwa mtoto wa siku nne. Kwa mtoto wa miezi kamili asiye na tatizo jingine, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huanza tiba ya mwanga kwenye maikromoli 310 hivi kwa lita kuanzia siku ya tatu, na kwenye 260 hivi siku ya pili. Njiti na mgonjwa huanzishwa mapema zaidi, na mtoto anayeonekana njano kabla ya kutimiza saa 24 huwekwa kwenye taa mara moja huku chanzo kikitafutwa. Andika namba hiyo na saa yake kwenye simu au nyuma ya kadi ya kliniki. Utaihitaji kulinganisha na kipimo kinachofuata, na itakusaidia kujua kama mtoto anawekwa kwenye taa kwa sababu ya haja au kwa mazoea.

Uliza pia kama imepimwa ile sehemu ya bilirubini ambayo ini limekwisha kuishughulikia, inayoitwa bilirubini ya moja kwa moja. Ikiwa juu, tatizo linaweza kuwa la ini au mirija ya nyongo; hapo taa husaidia kidogo na huweza kuleta dhara moja nitakalolieleza mbele.

Mweleze daktari mambo ambayo hayamo kwenye faili: kundi la damu la mama, mtoto aliyetangulia aliyepata umanjano mkali, ndugu mwenye upungufu wa kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu, ambao hospitalini huitwa jii-siksi-pii-dii na ambao si haba katika maeneo yetu yenye malaria nyingi. Hapa lazima nizitaje nafthalini, zile tembe nyeupe zenye harufu kali tunazoziweka kwenye sanduku la kanga na vitenge. Kanga zilizotunzwa miezi mitano kwa ajili ya uzazi hutolewa na kumfunga mtoto moja kwa moja, na kwa mtoto mwenye upungufu huo mvuke wa nafthalini unaweza kuvunja damu kwa kasi ambayo taa peke yake haitaifikia. Nguo hizo zitolewe wodini zote, zifuliwe na kuanikwa juani siku kadhaa kabla hazijamgusa tena. Ugonjwa nadra wa porfiria katika ukoo nao utajwe, kwa kuwa mwenye nao ngozi yake haistahimili mwanga.

Kisha andaa ngozi. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward, aliyekuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua, aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima isipokuwa kipande chenye umbo la pembetatu kilichobaki njano tele. Kumbe ncha ya shuka ilikuwa imepafunika pale. Tiba yote hii ilianzia kwenye kipande kile cha ngozi, na funzo lake la kivitendo halijabadilika: mahali palipofunikwa hapatibiwi. Kofia, soksi, glovu ndogo za mikono na fulana vitoke vyote, nepi ikunjwe iwe ndogo kadiri iwezekanavyo, na mtoto abaki na kitambaa cha macho na nepi hiyo tu. Mafuta ya nazi, mafuta ya mgando na poda vifutwe kwa maji ya uvuguvugu na visipakwe tena hadi taa itakapozimwa, kwa sababu huzuia mwanga usifike na huweza kuiudhi ngozi. Wanja nao uoshwe machoni na kwenye nyusi kabla kitambaa hakijafungwa. Bibi aliyeupaka hatafurahi, lakini jicho lililofungwa siku mbili likiwa na wanja ndani ni mlango wa maambukizi.

Maji yanayotoka na maziwa yanayoingia

Kama una nguvu ya kuangalia jambo moja tu, angalia hili. Mtoto chini ya taa hupoteza maji kwa njia tatu: kwa ngozi iliyo wazi inayopata joto, kwa choo chepesi, na kwa mkojo. Taa za kisasa za LED hazina joto jingi na humkausha kidogo kuliko zile ndefu za zamani, lakini choo hulainika kwa taa yoyote ile, kwa kuwa bilirubini iliyobadilishwa umbo humwagika tumboni pamoja na nyongo na kuuchochea utumbo. Kwa upande mwingine, mtoto mwenye umanjano huwa na usingizi mzito na hadai ziwa. Maji yanatoka zaidi na maziwa yanaingia kidogo. Maziwa yakipungua choo hupungua, na choo kikipungua sehemu ya bilirubini iliyokwisha kufika kwenye utumbo hunyonywa upya na kurudi kwenye damu. Kwa maoni yangu dhara kubwa zaidi la taa liko hapa, na husababishwa zaidi na jinsi mtoto anavyotenganishwa na ziwa kuliko na mwanga wenyewe.

Basi mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, bila kupitisha saa 3 hata kama amelala fofofo. Mwamshe kwa kumvua kitambaa cha macho akiwa nje ya taa, kumsugua unyayo kwa kidole au kumfuta uso kwa kitambaa chenye unyevu. Isipokuwa bilirubini yake iko karibu na kiwango cha kubadilishiwa damu, au amewekewa taa zaidi ya moja, kumtoa kwa dakika 30 hivi anyonye kifuani pako hakuiharibu tiba, na hupaswi kuona haya kuomba. Kama daktari amesema asitolewe kabisa, kamua maziwa na umnyweshe kwa kikombe kidogo akiwa pale pale, au yapitishwe kwenye mpira wa puani ikiwa ni njiti asiyeweza kumeza vizuri. Dang'a ya siku za kwanza, hata ikiwa matone, ikamuliwe yote, maana humsaidia kutoa kile choo cheusi cha kwanza kilichojaa bilirubini.

Usimpe maji matupu wala maji ya glukosi, hata yakiletwa kwa upendo na mama mkwe kwenye chupa safi. Hayapunguzi bilirubini, hujaza tumbo dogo lililopaswa kupokea maziwa, na hupunguza uzalishaji wa maziwa yako mwenyewe. Mtoto aliyekauka kiasi cha kuhitaji maji zaidi ya yale ya ziwa ataongezewa maziwa yaliyokamuliwa, maziwa mbadala kwa maagizo ya daktari, au dripu. Uamuzi huo ni wa daktari baada ya kumpima uzito na kumchunguza.

Kupima kama maji yanatosha, hesabu nepi. Mama mmoja niliyemhudumia hakuwa na kalamu wala simu yenye chaji. Alikuwa na kiberiti. Kila nepi yenye mkojo alitoa kijiti kimoja na kukilaza kwenye ukingo wa dirisha, kila choo akakivunja kijiti nusu na kuilaza kando yake, na asubuhi daktari alipouliza mtoto anaendeleaje hakusema "anaendelea vizuri". Alinyoosha kidole kwenye vile vijiti vinne tu vizima, na mtoto alikuwa wa siku ya sita. Aliongezewa maziwa asubuhi hiyo hiyo. Siku ya kwanza mkojo mmoja unatosha, siku ya pili miwili, ya tatu mitatu, na kuanzia siku ya tano tunatarajia nepi sita au zaidi zilizolowa kwa saa 24. Madoa ya rangi ya matofali kwenye nepi baada ya siku ya tatu, mdomo mkavu unaonata ukiuingizia kidole safi, utosi uliobonyea, au uzito uliopungua zaidi ya asilimia 10 ya ule wa kuzaliwa, hayo yote yasisubiri raundi. Mwite muuguzi saa hiyo hiyo. Mtoto aliye kwenye taa apimwe uzito kila siku, na ukiona siku imepita bila mizani, uliza kwa upole kwa nini.

Kuhusu choo chenyewe: cha kijani kibichi au kijani kinachokaribia weusi, chepesi, kinachotoka mara nyingi kuliko jana, ni ishara kwamba bilirubini inaondoka. Mkojo nao unaweza kuwa na rangi nzito. Wazazi wengi huita hali hiyo kuharisha na kuomba dawa ya kufunga tumbo, ambayo mtoto mchanga hapewi kabisa. Kinachobadilisha mambo ni damu au makamasi ndani ya choo, kutapika kunakoambatana nacho, tumbo lililovimba, homa, au mtoto anayekataa ziwa. Makalio yaliyochubuka kwa choo hicho yaoshwe kwa maji tu, yakaushwe kwa kugusagusa na kitambaa laini bila kusugua, na nepi ibadilishwe bila kuchelewa.

Joto, na kanga juu ya taa

Joto la mwili la mtoto linapaswa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na lipimwe kila baada ya saa 3 au 4. Kati ya vipimo, mguse tumboni au kisogoni kwa mgongo wa mkono wako. Viganja na nyayo zake hudanganya, kwa maana huwa baridi hata mwili ukiwa salama. Akiwa wa moto, mwekundu na anahema upesi, muuguzi aitwe aangalie taa, umbali wake na joto la chumba. Njiti, au mtoto aliyelala uchi karibu na kiyoyozi au dirisha la upepo, huelekea upande wa pili na kupoa, na mtoto aliyepoa huacha kunyonya.

Nina mambo mawili ya kusisitiza hapa. Kwanza, usiisogeze taa mwenyewe. Ikisogezwa mbali sentimita chache nguvu ya mwanga hupungua sana, ikisogezwa karibu huweza kumchoma; umbali wake umewekwa kufuatana na aina ya mashine. Pili, usiifunike mashine kwa kanga au blanketi ili kuuzuia mwanga usikuumize macho. Hewa inayoipoza mashine huzuiwa, joto hujikusanya juu ya mtoto, na kitambaa huweza kuanguka puani mwake. Wodi nyingine hutundika vitambaa vyeupe pembeni ili kuurudishia mwanga mwilini mwa mtoto, lakini kazi hiyo hufanywa na muuguzi anayejua nafasi ya hewa ya kuachwa.

Homa pia isidhaniwe daima kuwa ni ya taa. Taa ikisharekebishwa na joto lisishuke ndani ya muda mfupi, mtoto huyo achunguzwe maambukizi kwenye damu, ambayo yenyewe huleta umanjano.

Macho na rangi zinazodanganya

Kitambaa cha macho kipo kwa sababu mwanga huu mkali ukimulika muda mrefu unaweza kudhuru retina, utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, na hilo ndilo jibu la swali la pili: kikikaa mahali pake, macho yako salama. Tatizo ni kwamba hakikai. Mtoto hugeuza shingo, kamba hulegea, kitambaa hushuka taratibu kutoka kwenye paji hadi kwenye daraja la pua, na mtoto mchanga hupumua zaidi kwa pua. Niliwahi kukikuta kimeziba tundu zote mbili huku mtoto akisukuma kichwa nyuma akitafuta hewa, na mlio wa mashine nyingine wodini ukifunika ile sauti ndogo ya kukoroma. Kwa hiyo kiangalie kila unapomtazama mtoto, na ukishindwa kukirekebisha bila kumbana, mwite muuguzi akibadilishe. Kisibane kiasi cha kuacha mfereji kwenye ngozi.

Kila wakati wa kunyonya, zima taa au mtoe chini yake kisha umfungue macho. Yafute kwa pamba safi yenye maji yaliyochemshwa na kupoa, kuanzia kwenye pua kwenda nje, kipande kimoja kwa jicho moja. Usaha, kope zilizovimba au zilizoshikamana ziripotiwe. Na kisha mtazame. Saa nyingi za giza humfanya mtoto mchanga asulubike zaidi kuliko tunavyodhani, na uso wa mama ndicho kitu anachokitaka kuona.

Ndani ya mwanga wa bluu rangi zote hupotea. Midomo iliyobadilika rangi kwa kukosa hewa haionekani, weupe wa upungufu wa damu hauonekani. Ukimhisi anahema vibaya, analegea au amenyamaza isivyo kawaida, omba taa izimwe kwanza, umtazame midomo na ulimi kwenye mwanga wa kawaida. Vivyo hivyo kuhusu umanjano: ngozi iliyomulikwa hupauka kabla damu haijasafika, kwa hiyo mtoto "aliyekuwa mweupe" baada ya saa 12 anaweza kuwa na bilirubini ile ile. Tangu taa inapowashwa, ni damu pekee inayosema kweli, nayo ichukuliwe taa ikiwa imezimwa, maana mwanga huendelea kuibadilisha bilirubini hata ndani ya kichupa.

Ngozi, mitetemo na mambo machache mengine

Vipele vyekundu vidogo vilivyotawanyika kifuani na mgongoni ni vya kawaida na hupotea taa ikizimwa. Malengelenge, usaha au ngozi inayochubuka si vya kawaida. Kwa watoto wachache, ngozi hugeuka kijivu cha kahawia kama shaba iliyochakaa. Ni wale ambao bilirubini ya moja kwa moja iko juu. Rangi hiyo hutisha kuliko inavyodhuru, na huisha polepole kwa wiki kadhaa baada ya taa kuondolewa, lakini ni ishara kwamba ini lichunguzwe.

Kwa njiti hasa, taa huweza kushusha madini ya kalsiamu kwenye damu, na mtoto akaanza kutetemeka. Shika kwa upole mkono au mguu unaotetemeka: mtetemo wa kawaida hukoma ukiushika, degedege haikomi. Vyovyote iwavyo mwambie muuguzi, kwa sababu upungufu wa sukari huleta mitetemo hiyo hiyo. Chembe za kugandisha damu pia huweza kupungua kidogo, jambo ambalo kwa kawaida halihitaji tiba.

Wazazi wanaosoma sana huniuliza kuhusu saratani na kifafa. Tafiti kubwa za Marekani zilizowafuatilia watoto kwa miaka hazikuthibitisha kwamba taa husababisha saratani, na uhusiano mdogo ulioonekana na degedege za utotoni haukuthibitika kutokana na mwanga. Hiyo ni sababu nzuri ya kutomweka kwenye taa mtoto asiyefikia kiwango. Haitoshi kuwa sababu ya kumnyima aliyekifikia.

Wewe pia uliyekaa karibu unaweza kupata kichwa kuuma, kizunguzungu au kichefuchefu kwa sababu ya bluu ile. Geuzia kiti upande, pumzisha macho, kula, na mpishe ndugu zamu. Wala maziwa yako hayakumletea ugonjwa. Usikubali kuambiwa hivyo na mtu yeyote, awe wa nyumbani au wa hospitali.

Taa ikizimwa

Bilirubini hupanda tena kidogo kwa watoto wengi baada ya taa kuondolewa, na kwa baadhi, hasa njiti na wale ambao damu yao inavunjika kwa kutopatana kwa kundi la damu lao na la mama, hupanda hadi kuhitaji taa upya. Ndiyo maana kipimo kingine hufanywa kati ya saa 12 na 24 baadaye. Ukiruhusiwa kabla yake, hakikisha umepewa siku na mahali pa kukifanya, yakiwa yameandikwa.

Nyumbani wengi huambiwa wamwanike mtoto jua la asubuhi. Jua lina mwanga wa bluu, na hakuna anayekana kwamba lilimpausha mtoto wa Rochford; lakini pamoja na bluu hiyo huja urujuanimno na joto lisilopimika, na mtoto uchi huweza kubabuka au kupoa vibaya bila mtu kujua amepata kipimo gani cha mwanga. Njia iliyojaribiwa Nigeria kwa mafanikio ilitumia mahema yenye plastiki maalumu inayochuja urujuanimno na joto, wauguzi wakimpima mtoto joto kila mara. Huo si mkeka wa uani. Jua la dirishani lisichukuliwe kuwa mbadala wa kipimo wala wa kurudi hospitali.

Rudi bila kusubiri miadi endapo mtoto atakuwa njano tena hadi viganjani na kwenye nyayo, atakuwa mgumu kuamshwa, atakataa ziwa, atalia kwa sauti nyembamba ya juu isiyonyamazishika, atakakamaa mgongo na kurudisha shingo nyuma, au atashikwa na homa. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, bonyeza kwa kidole kwenye ncha ya pua au kifuani kisha uachie na uitazame rangi kabla damu haijarudi, na angalia pia fizi na weupe wa macho, ukiwa karibu na dirisha mchana. Mtoto ambaye bilirubini yake ilifika juu sana apimwe usikivu katika miezi ya mwanzo, hata kama anaonekana kushtuka kwa kelele.

Na umanjano ukipita siku 14, angalia choo. Cha njano ya haradali au kijani hakina shida kwa kawaida. Kilichopauka kama udongo mweupe wanaokula wajawazito, hasa kikiambatana na mkojo wa rangi ya chai inayotia doa nepi, ni dalili ya mirija ya nyongo iliyoziba, na upasuaji wake hufanikiwa zaidi ukifanywa kabla mtoto hajatimiza siku 60. Taa haiwezi kuutibu ugonjwa huo. Ikunje nepi hiyo ndani ya mfuko, uende nayo kliniki siku ile ile, na uifungue mbele ya daktari.